Mwalimu Mkuu kwa Mkwewe

Watu wa mtaa wetu wa Mwembesongo waliendelea kumwogopa Mwalimu Mkuu hata baada ya kustaafu, na nadhani sababu ilikuwa miguu yake. Alitembea bila kishindo. Mmekaa barazani mnachambua mchicha na kumsengenya mtu, mkiinua macho mnamkuta amesimama, mwavuli mkononi. Alisalimia tu akapita, nanyi mkabaki mnajiuliza amesikia kuanzia wapi. Wengine walijiuliza mpaka jioni. Mimi niliweza kujiuliza mwezi mzima, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa.

Hakula kitu barabarani, hata karanga. Hakukaa kwenye kiti kama kulikuwa na mtoto amesimama. Darasani aliingia bila hodi, lakini nyumbani kwa mtu, hata kwa mzazi mlevi aliyemtukana jana yake, alipiga hodi na kusubiri juani mpaka aitikiwe. Alichukia kushukuriwa. Nilipochaguliwa kuingia chuo kikuu nilimpelekea kitenge. Alikipokea, akakikunjua, akakitazama vizuri.

"Mama yako anacho kama hiki?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi umekosea nyumba," akasema, akanirudishia.

Mpaka leo sijajua kama alinifundisha au nilimkosea. Mama alikipenda sana kile kitenge.

Wazazi wangu walikuja Morogoro kutoka Singida, baba akiwa kibarua kiwandani, kwa hiyo mambo ya Waluguru nimeyajua kwa kuishi nao, si kwa kuzaliwa. Nililolijua kwanza ni habari za mwali. Huko milimani msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, na baadhi yao walikaa ndani mpaka shule ikawasahau. Mwalimu Mkuu hakuwasahau. Jumamosi alipanda mlima na mwavuli wake kuwafuata, yeye mwenyewe Mluguru, mwali wa zamani, akipita njia zilezile alizopita akiwa mtoto. Kuna mzee mmoja alimwambia mlangoni, "Mwalimu, huyu ni mwali. Hatoki."

"Sikuja kumtoa," akajibu. "Nimekuja kumfundisha."

Akafungua mwavuli, akasimama nje ya mlango, akaanza kufundisha sehemu, kwa ile sauti yake ya gwaride. Robo jumlisha nusu. Akarudia. Majirani wakajaa, wengine wakaanza kujibu wao. Mwisho bibi wa yule binti akatoka ameziba masikio. "Mtoeni aende shule," akasema, "maana huyu mama atatufundisha wote mpaka tufe."

Msichana yule sasa ni mkunga. Wako wengi wa namna hiyo, na kila mmoja alipoondoka kwenda shule ya mbali Mwalimu Mkuu alimpeleka stendi ya Msamvu akamwambia maneno yaleyale: "Nenda. Usigeuke nyuma." Na mimi niliambiwa. Nilikaa kwenye basi shingo imekakamaa mpaka Chalinze.

Kwa hiyo ungedhani ni mtu asiyejali mila. Sivyo. Alizichagua mila kama mtu anavyochagua mchele kwenye ungo, hili jiwe, hii punje, na punje alizishika kuliko wazee wenyewe. Kubwa kuliko zote ilikuwa heshima ya mkwe. Kwao mama hakai meza moja na mume wa binti yake. Hali naye chakula, halali nyumbani kwake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Huko si kuchukiana. Ndiyo heshima yenyewe, na anayekimbia zaidi ndiye anayeheshimu zaidi.

Mtani wake, fundi cherehani Mnyamwezi wa pale kona, alikuwa akimchokoza kwa jambo hilo, kwa sababu binti pekee wa Mwalimu Mkuu aliolewa Italia.

"Mwalimu, nasikia huko wakwe wanasalimiana kwa busu. Shavu hili, halafu na hili."

"Ndiyo maana sijaenda."

"Ukifika atakubusu tu. Sisi tutakuja kukuoa upya, umeshaharibika."

"Wewe shona. Suruali ya watu umeikata mguu mmoja mfupi."

Watu walicheka, naye alicheka kidogo, akapita. Lakini kwenda ilimbidi.

Jambo lilikuwa hili. Juu ya Mkuyuni, mwendo wa kupanda mpaka magoti yalalamike, kulikuwa na shamba alilolirithi kwa mama yake: migomba, mdalasini, pilipili manga iliyopanda kwenye miti ya matunda, na makaburi ya mama na bibi yake kwenye pembe ya juu. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Linatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mjomba wa ukoo ndiye msimamizi. Mwalimu Mkuu alikuwa na binti mmoja, na binti hakuwahi kurudi tangu aende kusomea uuguzi. Mjomba, ambaye kwa umri alikuwa sawa na yeye na mkaidi kama yeye, alimwambia kwamba ukoo utakaa baada ya masika. Binti yake aje, au mjukuu wake wa kike aje, aonekane, akanyage shamba mbele ya watu. Asipokuja mtu, shamba litakwenda kwa binti wa mdogo wake wa kike wa upande wa mama mdogo; binti huyo alikuwa palepale kijijini na jembe lake.

Nilimwambia siku moja, nikidhani namfariji, kwamba kwa mila yao hata huyo ni binti yake, si anamwita Mama Mkubwa?

"Najua ananiitaje," akasema.

Nilielewa baadaye. Mlimani walisema alikwenda kwenye milango ya watu kuwatoa watoto, na mwishowe akamtoa wa kwake moja kwa moja. Shamba likienda upande mwingine, maneno hayo yangekuwa yamethibitishwa mbele ya kaburi la mama yake.

Mimi wakati huo nilikuwa Italia, kwa bahati ambayo sikuiamini hata nikiwa ndani yake. Baada ya kumaliza shahada nilikaa nyumbani nikituma maombi ya kazi mpaka mama akaacha kuniuliza, kisha nikapata mafunzo ya miezi michache kwenye kituo cha mbegu za mpunga karibu na Novara. Niliamka kila siku nikiwaza kwamba wataligundua kosa lao na kunirudisha. Mwezi wa nne simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Novara, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi niko huku Stresa kwa mwanangu. Njoo Jumamosi. Na usije na maswali."

Stresa ni mji wa kupumzikia, ukingoni mwa ziwa refu linaloingia kati ya milima. Wafalme na matajiri wa zamani walikuwa wakienda huko kukwepa joto, na hoteli walizolala bado zinatazama maji, nyeupe na za manjano, zina roshani za chuma kilichosukwa kama lesi na bustani za maua ambayo hayanukii. Wazee wa Kizungu wanatembea polepole kando ya ziwa na mbwa wadogo. Vyombo vinavuka kupeleka watu visiwani kuona jumba la kale na tausi weupe. Nilitoka stesheni nikiwa nimejiandaa kuustaajabia mji, na kitu cha kwanza nilichokiona ni Mwalimu Mkuu ameketi kwenye benchi la watalii, anakula.

Mtu ambaye hakula karanga barabarani. Alikuwa na bakuli mapajani, amelifunika kwa upande wa kanga, anaingiza mkono chini ya kanga na kuutoa haraka. Watu walipita wakimtazama. Nilitaka kurudi nyuma nijifanye nimechelewa, lakini alikuwa ameshaniona.

"Kaa," akasema. "Ukisimama hapo wataona zaidi."

Binti yake, ambaye mimi humwita Dada, alikuwa amemtayarishia chumba cha mjukuu. Mwalimu Mkuu aliingia hadi sebuleni, akamsikia mkwe anakuja na vicheko, mikono wazi, na ile habari ya mashavu. Akarudi kinyumenyume mpaka ngazini. Tangu siku hiyo alilala kwa mjane mmoja wa mtaa wa nyuma, rafiki wa Dada, na chakula akapelekewa nje. Mkwe ni mpishi katika hoteli mojawapo ya pale ufukweni. Alikuwa amepika siku mbili kumpokea.

"Umeshawaambia habari ya shamba?" nikauliza, nikasahau kwamba nilikatazwa maswali.

"Mtoto hajafikisha umri. Lazima baba yake akubali. Nami siwezi kusema naye. Nimemwambia mwanangu amwambie, ananiambia subiri." Akafunga bakuli. "Nimesubiri. Masika huko yanakatika."

Tukatembea. Nyuma ya hoteli kulikuwa na majumba makubwa ndani ya bustani, moja baada ya jingine, madirisha yote yamefungwa kwa mbao za kijani. Akasimama kwenye geti la mojawapo.

"Wenyewe wamekufa?"

"Hapana, Mwalimu. Wako mijini. Wanakuja kiangazi."

"Wote?"

"Wengi wao. Wengine hawaji kila mwaka."

"Na bado ni lao?"

"Bado ni lao."

Alishika vile vyuma vya geti akatazama ndani. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa mlinzi atatokea na kutuuliza shida yetu, na nikaanza kutunga jibu kwa Kiitaliano.

Jioni ile nilimfuata Dada jikoni kwake. Nilidhani hajui, au amesahau, kwamba mumewe anaumia bure. Alikuwa anajua kila kitu.

"Namweleza nini?" akasema huku akikwangua sufuria. "Yeye anasema mama yako ananichukia, ananiona mchafu. Mimi nimwambie hapana, ni heshima? Mila za watu alizivunja mchana kweupe, mwavuli mkononi. Amepanda ndege akaja, halafu hapa mlangoni ndipo anazikumbuka."

"Lakini Dada, hiyo si kwa ubaya."

"Wewe si Mluguru."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli, na nililala kwenye kochi lao nikijibishana nalo. Asubuhi nikaamua, nikaghairi, nikaamua tena, nikaenda mlango wa nyuma wa hoteli alikofanya kazi mumewe, yaani Shemeji kwangu. Alitoka na aproni yake, anavuta sigara. Kwa Kiingereza chake kibovu na Kiitaliano changu kibovu zaidi nilimweleza kwamba kwao mama mkwe anayekukimbia amekuweka juu ya watu wote. Nilirudia mara kadhaa, kila mara nikihofu kwamba nimetumia neno la matusi.

Akafikiri. "Kwa hiyo siku ya kwanza, alipokaribia kuanguka ngazini?"

"Alikuheshimu sana."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho kwa aproni, na sikujua ni kwa sababu ya moshi. "Mimi namheshimu kwa kupika," akasema. "Sina njia nyingine. Mwambie Jumapili nitapika tena. Akitaka kula nje, nitampelekea na kukimbia."

Nikampelekea Mwalimu Mkuu maneno hayo nikiwa na furaha kama mtu aliyeleta mvua. Nilimwambia kwamba mkwe ameelewa, na kwamba ninaweza kuwa mshenga, nikasimama katikati nikachukua maneno huku na kuyapeleka kule. Hakufurahi. Alitazama maji.

"Jambo kubwa hivi haliombwi kwa kutuma mtu," akasema. "Mtu anamwomba mwenzake mtoto. Lazima amwone anavyoomba."

Jumapili alikuja. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba. Alipiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi na sote tulikuwa tunamwona. Shemeji akainuka, akakumbuka, akakaa, akainuka tena asijue mikono aiweke wapi. Mwalimu Mkuu akavuta kiti kilichomwelekea mkwe wake, akaketi. Akala. Macho yalikuwa kwenye sahani na uma ulikuwa unagonga ukingo wake, lakini alikula samaki wote wa ziwani na wali wote wa njano, na mjukuu alipomwongezea alipokea. Nimewahi kumwona akikabiliana na wazazi wenye mapanga. Sikuwahi kumwona akifanya kitu kigumu hivi.

Alipomaliza akainua uso, akamtazama mkwe wake machoni, akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri:

"Baba, nimekula kwako. Kwetu mtu wa umri wangu hafanyi hivi. Nimefanya kwa sababu naomba kitu. Nipe mjukuu wangu aende nami nyumbani kwa muda mfupi, akanyage shamba la bibi yake, watu wamwone. Nitamrudisha mwenyewe."

Shemeji hakungoja hata nimalize. Aliweka mkono kifuani. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mama. Aende."

Yule mjukuu akamtazama mama yake. Na Dada akasema, "Hapana."

Alisema kwa upole, huku akipanga sahani.

"Mwanangu," akasema Mwalimu Mkuu.

"Haendi, mama. Akienda watasema ni wake. Halafu ataitwa kila msimu, kila kikao, kila msiba. Ataishi mguu huku mguu kule kama sisi tusiofaa popote."

"Ni shamba la bibi yako. Amelala pale."

"Siku ile Msamvu uliniambia nisigeuke nyuma. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Niligeuka. Basi halijatoka hata getini. Nilitaka nikuone umesimama. Ulikuwa umeshanipa mgongo, umefungua mwavuli, unakwenda." Akazichukua sahani. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama."

Sikutafsiri. Shemeji alinitazama, nikatikisa kichwa. Mwalimu Mkuu hakujitetea. Ziwa lilikuwa linang'aa dirishani, chombo kikapiga honi kuita watu wa visiwani. Mwisho akainuka, akamwambia mkwe wake asante kwa chakula, akatoka. Nilimfuata, na njiani nilitunga maneno mengi ya kumwambia. Kila nililolitunga lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mbele ya yale majumba yaliyofungwa hakusimama tena.

Ukoo ulikaa baada ya masika. Sikuwepo, nilisimuliwa na yule fundi Mnyamwezi, ambaye alikwenda kama mtani kuchekesha watu akakuta hakuna wa kuchekesha. Anasema Mwalimu Mkuu alisimama akawaeleza kwamba ameona mji ambao wenye nyumba huja mara moja kwa mwaka, wengine hawaji kabisa, na hakuna anayesema si zao. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huko wana makaratasi," akajibu. "Sisi tuna watu. Wako yuko wapi?"

Mwalimu Mkuu akatoa simu, akasema mjukuu anaweza kuonekana hapo, wamwone. Mjomba akaisukuma simu kwa upole. Shamba likaenda. Yeye akaachiwa nyumba ya mama yake palepale shambani na ua wake, akae mpaka mwisho wa maisha yake, akahama mtaani kwetu.

Mafunzo yangu yalikwisha, nikarudi, nikaanza tena kutuma maombi. Nilichelewa kwenda kumwona. Nilijiambia nangoja nipate kazi niende na habari njema. Kisha nikaona kwamba kwa mwendo ule nitakwenda kuzika. Siku moja nikapanda kutoka Mkuyuni. Nilimkuta uani anapepeta mpunga. Alikuwa amekonda, lakini gauni limepigwa pasi. Tukasalimiana. Hakuniuliza habari ya kazi, na nilimshukuru moyoni, kisha nikaanza kuwaza kwamba labda hakuuliza kwa sababu inaonekana usoni.

Tulizungumza habari za mvua. Binti yake hapigi simu sana, akasema. Mkwe ndiye anapiga, kila Jumapili, ananyoosha simu aone anachopika. "Nimeshakula naye," akasema. "Nijifiche nini tena?" Lakini aliposema hivyo alikuwa anatazama pembeni, kama vile mkwe yuko palepale.

Nilipoaga akasema siwezi kushuka mikono mitupu. Akachukua panga. Migomba ilianzia hatua chache tu nyuma ya nyumba, ileile aliyoipanda mwenyewe na kuipalilia maisha yake yote. Hakuingia. Alisimama kwenye mpaka wa ua, akapiga hodi hewani.

Akatokea msichana mwenye mtoto mgongoni na jembe mkononi, yule binti wa mdogo wake. Alipiga magoti kidogo. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nina mgeni. Naomba mkungu mmoja wa ndizi."

Msichana aliona haya mpaka akaficha uso begani. "Mama Mkubwa jamani, hata wewe? Si uchukue tu. Chukua yoyote."

"Usiniambie nichukue tu." Sauti ilikuwa ileile ya kwenye mlango wa mwali, ila imepungua nguvu. "Kesho atakuja mwingine, atachukua tu. Keshokutwa hutakuwa na shamba. Nimekuomba. Nijibu kama mwenyewe."

Yule binti akanitazama, nami nikatazama chini. Mtoto akalia kidogo, akambembeleza. Kisha akanyoosha mgongo.

"Haya, Mama Mkubwa. Chukua ule wa karibu na mfereji, umekomaa. Mwingine usiguse, nina wateja wa Jumatano."

"Asante," akasema Mwalimu Mkuu.

Akaingia kwa ile miguu yake isiyo na kishindo, akaukata ule wa karibu na mfereji.